Biodizeli kwenye trekta dogo la mtumba: nani ametumia kweli, siyo kusikia?

MkulimaMakambako
Wakuu, habari za kazi.

Nina Kubota ya mtumba toka Japani, silinda tatu, farasi ishirini na kidogo, pampu ya kizamani isiyo na kompyuta yoyote. Nalima nalo mahindi na viazi huku Makambako, na msimu ukipamba moto nawalimia na majirani kwa hela. Likiwa kwenye rotaveta, ile mashine ya kusaga udongo, linakunywa lita 3 hadi 4 kwa saa. Kila EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, mimi roho juu.

Sasa hapa stendi kuna vibanda vya chipsi na hoteli za madereva wa malori, na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yanapatikana kwa madumu. Shemeji yangu anatengeneza sabuni, ndiye mteja wao. Juzi kaniambia yale yale anayotengenezea sabuni yanaweza kugeuzwa dizeli, na kwamba kazi yenyewe inafanana sana na ya sabuni.

Ninachotaka kujua: je, kuna mtu humu ametia hiyo biodizeli kwenye trekta dogo akamaliza nayo msimu? Pampu na nozo (vile vinyunyizio vya dizeli kwenye injini) zilikuwaje? Unachanganya na dizeli kiasi gani? Na kwa baridi ya huku kwetu mwezi wa sita na wa saba inawaka asubuhi? Naomba majibu ya waliotia kwenye tanki. Video za mtandaoni nimeangalia mpaka bando limekata.

Mzee wa Kona
Nimevuta kigoda, nasubiri wataalamu.

JembeHalilali
Mkuu mbona unajisumbua na maabara? Chuja hayo mafuta kwa kitambaa, changanya nusu kwa nusu na dizeli, ongeza mafuta ya taa kidogo yalainike, ingia shamba. Binamu yangu yuko Kilombero anafanya hivyo kwenye pawatila, trekta la mkono, na mpunga unalimwa kama kawaida. Tena injini ya huyo Mjerumani Diesel iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya karanga. Msitishane.

FundiPampu_Mbeya
Jembe, heshima yako ipo, lakini hapa utamfilisi mwenzako.

Kwanza hiyo pawatila ya binamu. Injini ya silinda moja ya Kichina, ile ya tangi la maji juu, imetengenezwa ivumilie mambo mengi. Nozo ikiziba anafungua mwenyewe kwa spana mbili chini ya mwembe, ananunua nyingine mjini, kesho yuko shambani. Trekta la silinda tatu ni habari nyingine. Pampu yake ikija mezani kwangu bei ya kuirekebisha haianzii kwenye elfu kumi.

Pili, mafuta ya kupikia hata uyachuje kwa hariri bado ni mazito. Dizeli ikiwa na joto la nyuzi 40 uzito wake wa kutiririka uko kati ya 2 na 4.5 kwa kipimo cha sentistoki. Mafuta ya mbegu yako kwenye 30 hadi 40. Hiyo ni mara kumi. Nozo ilitengenezwa irushe ukungu, wewe unailazimisha irushe matone. Matone hayaungui yote. Yanayobaki yanakuwa mkaa kwenye ncha ya nozo, yanagandisha ringi kwenye pistoni, mengine yanateremka ukutani mwa silinda mpaka kwenye oili. Huko chini yanakutana na joto na oili inaanza kuganda kama uji wa ulezi. Nimefungua injini za namna hiyo, kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, unachota kwa kijiko. Na mwenye mali anakuja na maneno hayo hayo: "Fundi, lilikuwa linatembea vizuri kabisa." Ndiyo, lilikuwa. Huu ugonjwa hauji siku ya kwanza.

Mafuta ya taa hayatibu, yanachelewesha tu, na yenyewe yanapunguza ulainishaji wa pampu.

Kuhusu karanga, ni kweli: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kulikuwa na injini moja iliyotembezwa kwa mafuta ya karanga. Lakini ilikuwa injini ya kusimama, ya mwendo wa pole. Kubota ya mwenzako inazunguka mara 2,500 na zaidi kwa dakika.

Mkulima, biodizeli ya kweli ni kitu tofauti na mafuta ya kupikia. Ikitengenezwa vizuri uzito wake unashuka mpaka 4 au 5, karibu sawa na dizeli. Hiyo nimeiona ikitumika na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu wanaoita dumu la mafuta ya chipsi "biodizeli".

JembeHalilali
Fundi unatetea tumbo lako 😂 Watu wakitumia mafuta ya chipsi nani ataleta pampu?

FundiPampu_Mbeya
Kinyume chake ndugu yangu. Wakikusikiliza wewe nitajenga ghorofa.

MwalimuKemia
Nimecheka. Ngoja niingie kwenye upishi wenyewe, maana shemeji wa mleta uzi yuko sahihi kuliko wengi wanaojiita wataalamu.

Sabuni unachukua mafuta na kostiki soda. Biodizeli unachukua mafuta, kostiki kidogo sana, na methanoli. Kostiki inaanzisha tu kazi. Methanoli ndiyo inayokata ile molekuli kubwa ya mafuta vipande vitatu vyepesi na kuiacha gliserini peke yake, ambayo ni nzito, inazama chini. Lita 100 za mafuta zinataka kama lita 20 za methanoli, na unapata karibu lita 100 za biodizeli pamoja na tope la gliserini.

Shida ya mafuta ya stendi ni kwamba yamekaangiwa mara nyingi. Yana maji na yana asidi. Maji na asidi vyote viwili vinageuza kazi yako kuwa sabuni, na sabuni ikijaa kwenye pipa hutenganishi tena kitu. Kwa hiyo anza kwa kuyachemsha mpaka yaache kutatarika, halafu uyaache yapoe. Kisha pima asidi. Yeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji safi ya betri. Chukua mililita 1 ya mafuta yako, weka kwenye mililita 10 za spiriti ya isopropili, tia binzari ya manjano kidogo. Ndiyo, ile ya jikoni. Dondosha yale maji ya kostiki kwa bomba la sindano huku unatikisa, mpaka rangi igeuke nyekundu na ibaki hivyo. Kila mililita uliyotumia ni gramu 1 ya kostiki ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya zile gramu 3.5 za msingi. Mafuta mapya karibu hayaongezi kitu. Yakifika 5 au 6, mpe shemeji yako atengeneze sabuni, usipoteze methanoli.

Kostiki inayeyushwa kwenye methanoli kwanza, chombo kimefungwa, nje penye upepo. Halafu ndiyo inaingia kwenye mafuta ya vuguvugu, unakoroga saa nzima. Vitabu vinasema nyuzi 55, lakini methanoli inachemka kwenye 64.7 ukiwa usawa wa bahari, na huko kwenu mlimani inachemka mapema zaidi. Usivuke 50. Acha itulie usiku kucha, fungua bomba la chini utoe gliserini.

Hapo watu wengi wanashangilia na kujaza tanki. Bado! Ndani mna sabuni, methanoli na kostiki iliyobaki. Osha kwa maji ya kunyunyizia, mwaga, rudia mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe kama yalivyoingia. Halafu ikaushe kwa kuipasha taratibu ikiwa wazi mpaka ing'ae. Ukiweka chupa yake mbele ya gazeti usome maandishi bila kukisia.

Jaribio la mwisho ni rahisi: mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa, subiri. Ikiyeyuka yote, vizuri. Ukiona matone yametulia chini, hayo ni mafuta yasiyogeuka, rudi kazini.

MkulimaMakambako
Mwalimu ubarikiwe, hii nimei-save. Swali la kijinga: methanoli huku siioni dukani. Spiriti ya bluu haifai? Au, msinicheke, gongo?

Mzee wa Kona
Gongo kwenye trekta ni dhambi. Walevi wataandamana.

MwalimuKemia
Siyo la kijinga. Pombe ile inayopatikana kwenye gongo inaweza kufanya kazi ya methanoli kinadharia, ila lazima iwe haina maji kabisa. Gongo hata ikiwa kali ya kuwaka moto bado ina maji mengi, utatoka na pipa la sabuni ya maji. Spiriti ya bluu nayo ina maji na rangi.

Methanoli inauzwa na wauza kemikali wa viwandani. Ni kemikali iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna taratibu za kuisajili na kuitunza, zifuate. Na sisemi hivi kwa ajili ya karatasi tu. Methanoli inapofusha na kuua, kiasi kidogo tu kinatosha, na haina harufu ya kumtisha mtu aliyezoea konyagi. Inapita hata kwenye ngozi. Moto wake mchana wa jua huuoni. Kwa hiyo usiiweke kwenye chupa ya soda, usiiweke nyumbani, usimwachie kijana wa kazi bila kumweleza ni nini. Hapa sina utani.

Na shemeji akitaka ile gliserini kwa sabuni, aipashe kwanza nje ili methanoli iliyobaki itoke. Asiisogelee kichwa wakati inafuka.

BintiKyela
Jamani mbona mnahangaika na makombo ya chipsi? Kyela mawese yapo, tena masafi. Kaka wa Makambako ni jirani tu, panda basi uje uchukue madebe. Malaysia na Indonesia magari yao yote ya dizeli yanatembea na mawese.

MtuWaMinnesota
Dada, Indonesia ni kweli, wamefika hadi asilimia 40. Lakini Jakarta hakuna baridi. Makambako mwezi wa saba ipo.

Niko Minnesota miaka mingi, nafanya kazi kwenye karakana ya vifaa vya shamba, matrekta madogo ya kukata nyasi na kusukuma theluji ndiyo mkate wangu. Jimbo hili sheria inataka dizeli ya pampuni iwe na biodizeli. Tangu 2018 miezi ya joto ni B20, yaani sehemu 20 katika 100. Baridi ikiingia wanashusha hadi B5. Na hapa wanatumia soya zaidi, ambayo inaanza kuwa na ukungu karibu na nyuzi sifuri. Biodizeli ya mawese inaanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16. Mleta uzi aniambie alfajiri ya Julai kwake kuna nyuzi ngapi.

MkulimaMakambako
Kuna siku hazifiki 8. Kuna siku ukitoka nje unaona pumzi yako.

MtuWaMinnesota
Basi mawese hapo ni mshumaa kwenye filta. Ya alizeti ndiyo inavumilia. Na mafuta ya chipsi uliza ni ya aina gani, maana mengi yanayouzwa kwa rejareja huko nyumbani ni ya mawese kutoka hao hao Malaysia, hata kama dumu limechorwa ua la alizeti. Weka chupa nje usiku mmoja. Asubuhi ikiwa imeganda umeshapata jibu bila kumlipa fundi.

Mengine niliyoyaona kazini. Matrekta mapya, mengi yenye zaidi ya farasi 25, yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Ili kulisafisha, kompyuta inapuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda ikaungulie huko mbele. Dizeli ya kawaida inageuka mvuke inaondoka. Biodizeli inachelewa kugeuka mvuke, inashuka kwenye oili. Unakuta kijiti cha oili kinaonyesha oili imepanda. Mwenye trekta anafurahi, kumbe mafuta yameingia kwenye oili na bearing zinakaribia kulia. Trekta la mkuu halina huo mtambo kwa hiyo hatari ni ndogo, lakini kijiti akiangalie kila asubuhi. Oili ikipanda badala ya kushuka, mwaga.

Kuhusu dhamana, John Deere wanakubali hadi B20 mradi biodizeli yenyewe imefikia kiwango cha ubora cha Marekani, ASTM D6751. Kubota inategemea modeli, soma kitabu chake. Kwa trekta la mtumba dhamana ilishaachwa Yokohama, hilo halikuhusu. Linalokuhusu ni kile kiwango. Hakuna kiwanda kitakachokubali biodizeli ya pipa la uani, na siwalaumu.

LaikipiaShamba
Salamu kutoka Nanyuki. Nimesoma yote na nimeona hakuna aliyetaja mti wetu wa mukinduri. Huku kuna kampuni inayokamua njugu zake na mafuta yake yanaendesha jenereta na pampu za maji. Miti yenyewe imejaa kwenye ua za mashamba, watoto wanaokota njugu wanauza. Kitu kizuri ni kwamba hakuna mtu anayeila, hushindani na sufuria.

Mimi nilitaka kuweka kwenye trekta langu la Iseki, makanika akanikataza mafuta mabichi kwa sababu zile zile za Fundi wa Mbeya, akaongeza moja: mafuta ya mukinduri yanakauka kama rangi ya mafuta. Pakaa kwenye kioo, acha juani siku kadhaa, utabandua ngozi. Fikiria hiyo ngozi ndani ya pampu ya trekta lililolala miezi minne bila kazi.

MwalimuKemia
Makanika wako amesema kweli. Na alizeti ina tabia hiyo hiyo, ingawa ukiigeuza kuwa biodizeli inapungua makali. Ndiyo maana yanayovumilia baridi hayavumilii kukaa, na yanayovumilia kukaa kama mawese hayavumilii baridi. Haupati vyote. Tengeneza ya kutumia ndani ya miezi michache, hifadhi mahali pa kivuli, chombo kimejaa mpaka juu, na kisiwe cha shaba wala cha bati la zinki. Hizo metali zinaiozesha haraka. Dumu la plastiki gumu au pipa la chuma safi linatosha.

JembeHalilali
Haya, kama chipsi mmekataa na mawese mmekataa, basi mbono kaburi (jatropha). Haulimwi kwa jembe, ng'ombe hali, ukame hauui. Nakumbuka tuliambiwa utatutajirisha.

HesabuKwanza
Jembe, umenigusa penyewe, maana mimi ni wa Kisarawe.

Tuliambiwa, ndiyo. Kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 huku kwetu ipande mbono. Mwaka 2011 ikafilisika, vibarua wakarudi nyumbani na ardhi haikurudi kirahisi hivyo. Kilwa nako BioShape ya Waholanzi ilianguka kabla yake. Mbono unastahimili ukame, hilo halina ubishi. Kilichofichwa ni kwamba kuvumilia ukame na kuzaa kwenye ukame ni vitu viwili. Kwenye ardhi kavu unapata majani mazuri na mbegu za kuhesabu. Lita moja inataka kilo 4 hadi 5 za mbegu, zote zinachumwa kwa mkono, moja moja. Na mashudu yake ni sumu, huwezi kumpa mfugo. Kama ua wa boma ni sawa. Kama shamba la mafuta, hapana.

Sasa nihesabu za mleta uzi, kwa sababu naona mmemfundisha kemia yote na hakuna aliyemuuliza hela.

Tuanze na alizeti ya kwake mwenyewe. Ekari moja ikimpa kilo 400 za mbegu, mashine ndogo ya kukamua itamtolea kama lita 110. Kulima ekari kwa trekta dogo ni kama lita 7 hadi 10 za dizeli. Maana yake ekari moja ya alizeti inalima ekari kumi na zaidi. Inapendeza! Ila nenda sokoni Makambako uangalie lita ya alizeti bei gani na lita ya dizeli bei gani. Nchi hii inaagiza mafuta ya kula kwa meli, ndiyo maana alizeti ni ghali. Uza alizeti, nunua dizeli, chenji inabaki mfukoni na mashudu unampa ng'ombe. Siku bei zikigeuka tutazungumza tena.

Mafuta ya chipsi ni nafuu, sawa. Lakini jumlisha methanoli, moja ya tano ya ujazo wa mafuta, na hiyo haishuki bei kwa sababu wewe ni mkulima. Jumlisha kostiki, kuni, maji ya kuoshea, na kinachopotea kwenye kuosha. Toa tena kidogo, maana lita ya biodizeli tupu ina nguvu pungufu kwa karibu asilimia 8 kuliko ya dizeli. Na sasa lile ambalo hakuna aliyelisema: tuseme atumie B20 kama ya Minnesota. Kama trekta lake linakunywa lita 800 kwa msimu, B20 inaondoa lita 160 tu za dizeli. Mapipa, bomba, jiko, mizani ya gramu, usiku wa kusubiri gliserini, kwa ajili ya lita 160? Akipata faida ya shilingi mia tano kwa lita hiyo ni elfu themanini. Siyo haba, lakini asikope kwa ajili yake.

LaikipiaShamba
Hesabu, hii imeingia. Na kuna jingine: hayo mafuta ya chipsi yenyewe yanaanza kupata wanunuzi wakubwa. Huku kwetu kampuni ya mafuta ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua Makueni mwaka 2022, wananunua nyonyo, mukinduri, mbegu za pamba, na mafuta yaliyotumika wanakusanya hotelini. Yanapakiwa Mombasa yanaenda kusafishwa Italia. Huko hawatengenezi hii biodizeli yetu ya methanoli, wanayapitisha kwenye haidrojeni yanatoka dizeli kabisa, haina habari ya kuganda wala kuoza kwa haraka. Mkulima wa kawaida hawezi mtambo huo. Ila mama wa chipsi akishajua kuna gari linapita kila wiki kununua, dumu la bei nafuu limekwisha.

JembeHalilali
Nyonyo nayo mbona hamjaitaja kwa trekta? Inaota mpaka kwenye jalala.

MwalimuKemia
Kwa sababu hata ukishaigeuza inabaki nzito, mara mbili na zaidi ya kile kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Kidogo sana ndani ya dizeli inalainisha pampu vizuri. Kama mafuta makuu, sahau.

FundiPampu_Mbeya
Hesabu kaongea kama mke wangu, na mke wangu huwa hakosei. Lakini mleta uzi hakuuliza hela peke yake, aliuliza pampu. Nimalizie upande wangu.

Kubota nyingi ndogo za zamani zina chemba ndogo kichwani ambako dizeli inaanza kuungulia kabla haijaingia kwenye silinda. Hizo zinavumilia kuliko injini ya kupuliza moja kwa moja. Pampu yake nayo ni ya mstari, inalainishwa na oili ya injini kwa sehemu kubwa. Hilo ni jema kwako. Mwenye trekta la Massey lenye pampu ya kuzunguka, ile ya CAV, awe makini zaidi, kwa sababu pampu hiyo inalainishwa na mafuta yenyewe. Maji kidogo ndani ya biodizeli isiyokaushwa vizuri, na vyuma vyake vinapata kutu kabla hujamaliza ekari.

Kinachowashtua watu wengi ni tanki. Biodizeli inaosha. Trekta la miaka thelathini lina uchafu uliogandia ukutani, ukitia biodizeli unabanduka wote unakwenda kwenye filta. Trekta linakosa nguvu kwenye mlima, linazima, mtu analaumu biodizeli kuwa mbovu. Kumbe ndiyo kwanza imefanya usafi. Fungua tanki ulisafishe kabla, na tembea na filta za akiba pamoja na spana ya kutolea hewa. Baada ya matanki mawili matatu hali inatulia.

Mipira ya zamani inalainika na kuanza kuvuja, hasa kwenye biodizeli nyingi. Ile ya kurudishia dizeli juu ya nozo ndiyo inaanza. Kwenye B20 itachukua muda, lakini mipira ya mtumba tayari imechoka, kwa hiyo badilisha kabisa. Ukipata ya vaitoni, aina ya mpira usiolainishwa na biodizeli, ni bora, ni ghali lakini huirudii.

Oili mwaga mapema kuliko ulivyozoea. Ukitumia biodizeli nyingi, mwaga kwa nusu ya muda huo.

Na mwisho wa msimu usilaze trekta na biodizeli tankini. Maji yanajikusanya chini na vijidudu vinaota mpakani mwa maji na mafuta, unakuta makamasi meusi. Tembeza na dizeli tupu siku ya mwisho, jaza tanki, lala.

MtuWaMinnesota
Naunga mkono hilo la makamasi. Huku tunaliona kila mwaka theluji ikiyeyuka.

MkulimaMakambako
Wakuu nimewasoma wote, na leo asubuhi nimefanya lile la chupa. Nilichukua mafuta ya vibanda vitatu, nikaacha dirishani kwa nje. Viwili vimeganda kama samli. Kimoja kimebaki maji maji, na mama mwenye kibanda amethibitisha ananunua alizeti ya kukamua hapa hapa kwa sababu wateja wake wanalalamikia harufu ya ile nyingine. Kwa hiyo chanzo changu kimekuwa kibanda kimoja. Hesabu, najua unatabasamu.

Nilichoamua: sitajenga mtambo. Shemeji ana mizani, ana kostiki, ana mapipa na uzoefu wa kutoungua. Tutatengeneza kidogo kidogo kwa vifaa vyake, gliserini inabaki kwake, methanoli tutafuata utaratibu au tutaacha kabisa. Itaingia kwenye trekta kuanzia mwezi wa kumi joto likirudi, B20, siyo zaidi. Baridi yote dizeli tupu. Jirani mmoja ameshaniuliza kama nitamuuzia, nimemwambia hapana.

HesabuKwanza
Hapo kwa jirani umefanya vizuri. Ukianza kuuza tu, EWURA wanakuhusu, na trekta lake likizima hata kwa kukosa maji kwenye rejeta utaambiwa ni mafuta yako.

BintiKyela
Mawese yangu basi mtakula na maharage 😏

MkulimaMakambako
Hayo nakuja kuchukua dada, debe moja. Fundi, filta za akiba nichukue ngapi, na ile mipira ya vaitoni Mbeya inapatikana?

FundiPampu_Mbeya
Filta tatu za kuanzia. Mipira ipo ila wanachanganya na ya kawaida, zote nyeusi. Njoo na kipande cha zamani nikupime kipenyo, halafu twende wote dukani.